Plagi namba tatu: kisa cha toki renchi ya shemeji

Ilikuwa Jumapili jioni Nyegezi, Mwanza, kwa shemeji, Toyota IST yake imepaki chini ya mwembe boneti liko juu, koili zote nne ziko kwenye beseni na sisi tunafunga plagi mpya. Mbili za kwanza alifunga na toki renchi, ile spana ya kupimia nguvu ya kukaza inayolia tak ikifika namba uliyoweka, akaona zimeshika akaacha, haikulia, tukasema labda imelia hatujasikia maana jirani alikuwa anapiga mziki. Ya tatu akasema hapana hii nasubiri mpaka ilie. Akavuta, kimya. Akavuta tena kidogo, kimya. Akaniangalia, afu akavuta tena, na mara mkono ukaenda wenyewe, laini kabisa, kama unazungusha kifuniko cha chupa ya maji ambacho kimeshakatika uzi.

Aliyewahi kufunga nati anaujua huo ulaini, uzi umekatika. Hatukuongea kama dakika nzima.

Naandika hiki kisa chote kwa sababu mwanzo wa kosa ni mimi. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa anarudi kutoka Sengerema, tairi likatoka upepo njiani, wilispana ikagoma kufungua nati kwa sababu aliyefunga mara ya mwisho alifunga na mashine ya upepo mpaka mwisho wake. Akapanda juu ya spana kwa miguu, nati tatu zikafunguka, ya nne ikakatika pamoja na stadi, ile bolti inayoshika nati ya tairi. Alivyonisimulia nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Shemeji nunua toki renchi, mambo ya kubahatisha yaishe." Basi. Sikumwambia ya kufungia nini, ya ukubwa gani, inaanzia wapi inaishia wapi, nilisema toki renchi kama vile ni kitu kimoja, kama mtu anavyosema nunua samaki bila kusema ni sato au dagaa.

Yeye akaenda mjini, akamwambia muuzaji anataka ya gari, akapewa kubwa yenye kichwa cha nusu inchi, ya kulia tak, imeandikwa 40 mpaka 210 Nm, yani niutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Na ukweli muuzaji hakukosea, kwa matairi ile ndo yenyewe. Toyota nyingi hizi ndogo tunazoendesha nati za tairi ni 103 Nm, yani iko karibu katikati ya uwezo wa spana, mahali ambapo inafanya kazi vizuri. Shemeji akaanza kufunga matairi yake mwenyewe, kwa mpangilio wa nyota, nati moja afu ya upande wa pili, tak, tak, tak, akaipenda sana. Kwaiyo ilipofika zamu ya plagi alichukua kile anachokiamini.

Sasa tuangalie namba, maana hapa ndo kisa kilipo.

Plagi ya injini ya 1NZ, hiyo ya IST ya shemeji, kitabu cha gari kinasema 18 Nm. Nati ya kumwagia oili ni kama 37. Zile bolti ndogo za tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, ziko kwenye 10 hivi. Afu unaenda kwenye tairi 103, na nati kubwa ya habu, ile ya katikati ya gurudumu, inapita 200 kabisa. Yani kwenye gari moja hiyo hiyo kitu kikubwa kinataka nguvu mara ishirini ya kitu kidogo. Hakuna spana moja ya kulia inayoweza kubeba hiyo safari yote kwa uhakika, na spana ya shemeji imeandikwa wazi kwenye mwili wake kwamba inaanzia 40. Yeye alichofanya alizungusha kishikio kurudi nyuma kupita mstari wa 40, akaendelea kuzungusha huku anahesabu kwa makadirio mpaka akaona hapa patakuwa 18. Ni akili ya kawaida tu, mtu yeyote angefikiria hivyo, mizunguko ipo, spring ipo, kwa nini isishuke?

Haishuki kwa sababu ya jinsi ilivyo ndani. Ndani ya lile bomba kuna spring nzito inakandamiza kipande kidogo cha chuma, na hicho kipande ndo kinazuia mkia wa kichwa cha spana usichezecheze. Ukivuta mpaka nguvu yako ikaizidi spring, mkia unateguka unagonga ukuta wa bomba, hiyo ndo tak yako. Ukilegeza spring mpaka chini ya namba ya mwanzo, mkia unateguka mapema tena polepole bila kugonga kwa nguvu, na baada ya hapo mkia umeshaegemea bomba. Kuanzia hapo hiyo sio kipimo tena, ni nondo. Unavuta nondo ya karibu nusu mita kwenye kaplagi ka milimita 14 kalichoingia kwenye aluminiamu.

Haya sikuyajua siku ile, nimeyaona kwa macho baadae, nitafika.

Na kulikuwa na sababu ya pili ambayo karibu tuisahau. Shemeji alipaka grisi kidogo kwenye uzi wa plagi. Nilivyomuuliza kwa nini akasema ili siku ya kufungua isisumbue. Nia nzuri, ila kwenye kufunga kwa kipimo grisi inabadilisha hesabu yote. Ile nguvu unayoizungushia nati sehemu kubwa sana inaliwa na msuguano, chini ya kichwa cha nati na kwenye uzi, inayobaki kuvuta na kubana kweli ni kama sehemu moja ya kumi tu. Ukipaka grisi msuguano unapungua, kwaiyo kwa namba ile ile kwenye spana uzi unavutwa zaidi. Namba za kitabu kwa kawaida ni za uzi mkavu na msafi, labda kitabu chenyewe kiseme paka oili. Plagi nyingi za siku hizi zimeshapakwa madini na kiwanda na watengenezaji kama NGK wanasema usiongeze kitu. Hata nati za tairi ni hivyo hivyo, safisha kutu kwa brashi ya waya, basi.

Kwaiyo plagi namba tatu ilipata vitu viwili kwa pamoja, spana iliyokuwa imeshageuka nondo na uzi wenye grisi. Zile mbili za kwanza ziliponea kwenye mkono wa shemeji mwenyewe, aliacha kuvuta alipohisi zimeshika.

Jumatatu tulikwenda Nyakato kwa mzee mmoja fundi wa mashine, gari tumeivuta na kamba. Mzee akaingiza taa ndogo kwenye tundu, akaangalia, akasema, "Uzi wa juu umebaki kidogo, wa chini umekwisha. Hatushushi silinda hedi." Nilipumua. Akaishusha pistoni ya silinda ile chini, akachukua tapu, chuma cha kukatia uzi, akaipaka grisi nzito kwenye mifereji yake yote ili vumbi la aluminiamu linase humo lisidondokee ndani, akazungusha nusu mzunguko anarudisha robo, nusu anarudisha robo, kila baada ya muda anaitoa anaifuta anapaka upya. Kazi ya subira kweli kweli. Afu akapachika uzi mpya wa chuma, ule wanaouita helikoili, akapuliza na upepo, akanyonya kwa bomba jembamba. Alipomaliza akaniuliza hiyo spana mliyotumia iko wapi, shemeji akaitoa kwenye buti, mzee akasoma namba, akaigeuza, akasema, "Hii ni ya tairi, mwanangu." Hakuongeza neno.

Hela tuliyoacha pale ilizidi bei ya toki renchi ndogo. Nasema hili kwa sababu shemeji alikuwa ameiona hiyo ndogo dukani siku ile ile akaona ya nini kununua mbili.

Mimi sasa nikawa na swali jingine linanikereketa. Sawa, kwenye 18 haifai, je kwenye hiyo 103 tunayoiamini na familia inapanda hilo gari, inasema ukweli? Spana za kulia za kiwango cha ISO 6789 zinaruhusiwa kukosea asilimia 4 juu au chini, na nyingi huja na kikaratasi cha kuonyesha imepimwa chenye namba ya spana, na hiyo namba ilingane na iliyochongwa kwenye spana. Ya shemeji kikaratasi kilikuwepo ila namba ya kwenye mwili haikuwepo, kwaiyo kikaratasi kinaweza kuwa cha spana yoyote. Tukaamua tuipime wenyewe.

Kipimo cha toki ni uzito mara umbali, hakuna uchawi. Kutoka katikati ya kile kichwa cha mraba mpaka katikati ya kishikio, pale kidole cha kati kinapokaa, tulipima tukapata sentimita 42. Kilo moja ikining'inia inavuta kwa niutoni 9.81. Kwaiyo kilo 25 zikining'inia kwenye sentimita 42 ni 25 × 9.81 × 0.42, unapata 103. Yani kiroba cha sembe cha kilo 25 ndo kipimo cha nati ya tairi la IST, mi hii ilinifurahisha mpaka leo. Kumbuka tu spana yenyewe ina uzito wake na inapolala inajisukuma chini, hii yetu ni kilo moja na nusu na inabalansi kwenye sentimita 20 hivi, ukipiga hesabu ni sawa na kama gramu 700 pale kwenye kishikio, kwaiyo tulitegemea ilie kwenye kilo 24.3.

Mzani tuliazima kwa mama mmoja anayeuza samaki pale Mwaloni Kirumba, mzani wa kuning'iniza wenye stika ya Wakala wa Vipimo, akatupa kwa masharti kwamba kesho asubuhi kabla boti hazijashusha uwe umerudi. Jiriwa ni ya mzee wa Nyakato. Tukabana kipande cha mraba kwenye jiriwa, spana imelala sawa na sakafu, tukafunga kamba pale kwenye alama ya sentimita 42 na chini yake ndoo kubwa ya rangi. Kwanza tukaisukuma itoe tak kama mara tano sita bila kupima, maana ikikaa bila kutumika oili ya ndani inaganda na tak ya kwanza inadanganya. Afu shemeji anamimina maji kwa jagi taratibu, mi nimeshika ndoo isiyumbe.

Kwenye 103 ililia kwa kilo 24.1, mara ya pili 24.6, mara ya tatu 24.4. Safi sana, asilimia 4 ni kama kilo moja kila upande na sisi tuko ndani kabisa. Tukashusha kwenye 40, ambapo hesabu inasema kilo 9, tukapata 9.3, afu 8.7, afu 9.2. Bado inakubalika ila ona ilivyoanza kuyumba. Wenye uzoefu wanasema usiitumie spana ya kulia chini ya sehemu moja ya tano ya namba yake kubwa hata kama imeandikwa inashuka zaidi, na mimi sasa naamini, kwa ya 210 hiyo ni 42.

Afu tukafanya kama Jumapili ile, tukalegeza mpaka "18" ya shemeji. Hesabu inasema ilie kwenye kilo 3.7 hivi. Nilisogeza uso karibu kabisa na shingo ya spana. Maji yakaingia, yakaingia, na kabla hata ya kilo mbili nikaona shingo inasogea, kama milimita mbili, taratibu, kimya kabisa. Hakuna tak, hakuna kishindo mkononi. Huko kusogea ndo ilikuwa imeshasema. Tukaendelea kumimina mpaka kilo 12, ambayo na uzito wa spana ni zaidi ya 50 Nm, karibu mara tatu ya ile ya plagi, na spana imetulia tu imekaza kama bomba la maji. Shemeji alisimama na jagi mkononi akasema, "Kumbe ilishaniambia." Ndio shemeji, ilishakwambia, ila kwa sauti ambayo hakuna sikio linaisikia.

Na hapo angalia pia upande wa mkono. 18 Nm kwenye mkono wa sentimita 42 ni kama kilo 4.4 tu, sangara mdogo. Mtu aliyezoea kuvuta kilo 25 kwenye tairi, hizo kilo 4 hazimwambii kitu chochote. Kwenye spana fupi ya sentimita 25 nguvu hiyo hiyo inakuwa kilo 7 na kidogo, mkono unaanza kuelewa. Ndo maana urefu wa spana sio urembo.

Kwaiyo tukarudi mjini kununua ya pili na safari hii tulikwenda na karatasi. Tuliandika kila bolti ambayo shemeji anaigusa kwa mikono yake, sio zote za gari, zile anazozigusa tu: plagi 18, pini za kalipa za breki mbele kama 34, oili 37, tairi 103. Nati ya habu tukaikata, hiyo anaenda gereji. Ukiiangalia hiyo karatasi jibu linajionyesha lenyewe, kuna tairi peke yake juu na kuna kundi la chini kati ya 18 na 37. Ya kundi la chini ni ndogo yenye kichwa cha inchi 3/8, na tulichukua ya 10 mpaka 60 Nm, kwaiyo vitu vyetu vyote viko tumboni mwa kipimo, hakuna kilichobanwa ukingoni. Kuna ya 20 mpaka 110 muuzaji aliisifia sana kwamba hii inafanya plagi na tairi pia, inavutia kweli, ila plagi iko chini ya 20 na tairi liko ukingoni juu, ungekuwa umenunua shida mbili kwa bei ya moja. Bolti za tapeti kava za 10 tuliziacha nje, hizo anafunga na racheti ndogo ameishika shingoni kabisa, vidole viwili, anaishia inapogusa na kidogo.

Tuliona pia ya mshale, ile yenye fimbo na bamba la namba. Mi binafsi naipenda, haina spring ya kuchoka, mshale ukikaa sifuri ujue iko salama, na kama ungekuwa na hela ndogo ningekwambia chukua hiyo. Shida yake lazima uangalie bamba kwa jicho lililonyooka, na kwenye IST plagi ziko ndani na kichwa chako hakifiki pale, kwaiyo kwa shemeji hapana. Ya digitali bei ilikuwa juu na inataka betri. Kulikuwa na mitumba ya Japani, chuma kizuri ajabu, ila imeandikwa kgf·cm, yani kilo mara sentimita, ambapo tairi letu linakuwa 1050. Sio vibaya, unazidisha tu, ila ilikuwa kubwa kama tuliyonayo. Cha kuogopa zaidi ni zile zenye namba za pauni futi upande mmoja na Nm upande mwingine, ukikosea ukaweka 103 upande wa pauni umefunga karibu 140 Nm, na huo ndo mwanzo wa stadi kukatika tena.

Hii ya pili tuliipima na ndoo ile ile siku ile ile, maana mzani ulikuwa bado kwetu. Kwenye 18 inalia vizuri, unaisikia na mkono unaihisi.

Kuhusu matunzo shemeji amebadilika mpaka dada anamcheka. Akimaliza anarudisha kishikio kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa, sio chini ya hapo, anaweka kwenye boksi lake. Hafungulii nati kwa toki renchi, kufungua ni kazi ya racheti na bomba. Anavuta taratibu mkono ukiwa katikati ya kishikio, ikisema tak moja anaacha, maana tak haizuii chochote, ukiendelea kuvuta baada yake inaendelea kukaza. Na kwa fundi tairi anaomba kwa heshima tu, "Fundi mashine isogeze nati ziguse, kukaza nitamalizia." Mmoja pale Buzuruga alimjibu kwamba mkono wake ndo toki renchi, na mi siwezi kubisha, mtu amefunga matairi miaka kumi mkono wake una akili, ila mkono wa saa mbili asubuhi na wa saa kumi na mbili jioni baada ya malori sio mkono mmoja, na nati nne kwenye rimu moja zinatakiwa kulingana, zisipolingana diski inaweza kuvutwa upande na breki zikaanza kutetemeka.

Akishafungua tairi lolote lazima arudie kipimo baada ya kilomita kama 50 mpaka 100. Kwake imekaa vizuri, akishavuka daraja la Kigongo-Busisi akafika Sengerema anaiacha gari ipoe afu anapita nati zote kumi na sita kwa ile toki renchi kubwa.

Plagi namba tatu tuliitoa tena mwezi uliopita kuangalia kama ule uzi wa mzee utatoka nayo. Ulibaki mahali pake, kavu, hauna alama ya moshi. Tukairudisha ile ile, mkono mtupu mpaka ikagusa, injini imepoa, uzi mkavu hauna grisi, afu ile ndogo kwenye 18. Tak.